Nguva wa Desemba

Mtani wangu Bakari,

Hali yako sikuulizi. Nilikuwepo ulipozikwa, chepe nilishika mwenyewe, kwa hiyo hali yako naijua.

Sheikh wa msikiti wetu ameniambia marehemu hahitaji barua, anahitaji dua. Dua nimekuombea, na leo Ijumaa nimekuombea nyingine, ndefu kuliko ulivyostahili. Lakini dua ni ya adabu. Ndani ya dua huwezi kumwambia mtu kwamba ana masikio kama ya popo. Na mimi Mmwera, wewe Mmatumbi, tangu lini tukakaa muda wote huu bila kutukanana? Mtani anakutukana ukiwa hai, anakuzika ukifa, na sijasikia mahali popote kwamba akishakuzika anyamaze.

Kwanza nikupe habari za mazishi yako, maana wewe ulikuwa umelala. Nilijinyoosha mlangoni kwako pale Tingi nikalizuia jeneza. Nikasema Mmatumbi huyu hatoki mpaka nipewe kamera yake, kwa sababu kwa uvivu ninaoujua mimi, amekufa ili asiibebe tena. Sheikh akakunja uso. Kaka yako mkubwa akaniuliza, "We Mmwera, unataka nini utupishe?" Nikasema kamera. Akanipa jogoo. Nikamkataa, nikasema huyu naye ni Mmatumbi, hana nyama. Nikawasikia wanawake ndani wanalia na kucheka kwa pamoja, na hapo nikajua kazi yangu imefika. Nikapisha.

Jogoo baadaye nilimchukua. Kamera alinitumia mkeo, Bi Somoe, baada ya arobaini, ndani ya mfuko wa unga, pamoja na ile diski yenye picha zako zote. Nilikaa nayo mapajani pale studio kwa muda mrefu, nikajifanya nafuta unga.

Basi sikiliza mambo ya huku.

Studio ipo, palepale karibu na stendi ya Masoko, na mimi nipo na harusi zangu na paspoti zangu, kama tulivyogawana: binadamu wangu, wanyama wako. Ila siku hizi kuna hii akili mnemba. Uliisikia ukiwa hai, ukasema huo ni upepo, utapita. Umepita wewe.

Sasa kila mwenye simu ni mpiga picha bila kupiga picha. Anaandika anachotaka, simba amekaa juu ya gofu la kale, na simba anakuja anakaa. Hajalala porini, hajaumwa na mbung'o, hajachomwa na mwiba hata mmoja. Bwana harusi mmoja aliniomba nimtoe jasho usoni. Mashine ikamtoa jasho, ikamtoa makovu, ikamtoa na miaka. Mama yake alipoiona picha akaniuliza, "Issa, huyu aliyemuoa mkwe wangu ni nani?" Halafu kuna binti wa chuo aliyetengeneza bango la wakulima wa korosho, zuri kweli, rangi zinameremeta. Tatizo mashine iliiweka korosho juu ya bibo, lile tunda lake, pale kwenye kikonyo, badala ya kuiacha ining'inie chini. Wazee waliotoka mnadani walilizunguka bango lile wamefunga mikono nyuma kama wanakagua ng'ombe. Mmoja akasema, "Hili bibo limevaa kofia, linakwenda Ijumaa." Binti akacheka nao, akalirekebisha. Lakini nasikia mpaka leo wakimwona wanamuuliza bibo limerudi msikitini au bado.

Usidhani nailaumu tu. Picha zako, mtani, ulizitunza kama kuku anavyotunza mahindi: huku umetawanya, huku umekanyaga. Kuzipanga kungenizeesha. Niliipa mashine diski yako asubuhi, na kabla sijamaliza chai na maandazi, viboko walikuwa fungu lao, ndege fungu lao, kaa fungu lao. Mpaka ndege ambao wewe uliwaita "kale kadogo kenye kelele" ilijua majina yao. Ilikosea mara moja tu. Ile picha uliyojipiga mwenyewe kwa kutegesha kamera, umechuchumaa vichakani njia ya Likawage na kofia yako ya sufu, imeiweka kwenye fungu la nyani. Nimekwisha kuirudisha panapostahili. Niliirudisha baada ya watu wote wa stendi kuiona kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Unaikumbuka kalenda ya Mzee Hasanali. Ndiyo, najua unaikumbuka, lakini barua hii huenda wakaisoma na wajukuu zako, acha niwaeleze. Mzee Hasanali ana lile duka kubwa la mabati, saruji na misumari, na kila mwisho wa mwaka huwapa wateja kalenda yenye picha zako. Kuanzia Masoko mpaka Tingi hakuna sebule isiyokuwa nayo. Chini ya kila picha maneno ni yaleyale: jina la mnyama, na pembeni, "Picha: Bakari wa Tingi." Watu wengi walikujua kwa kalenda ile kuliko kwa sura, jambo ambalo kwa sura yako lilikuwa la heri.

Na kila mwaka uliahidi kwamba Desemba itakuwa nguva. Yule mnyama mkubwa, mpole, anayekula nyasi za chini ya bahari, anachomoza pua mara moja kuvuta pumzi kisha hayupo. Wavuvi wa zamani wanasema walikuwa wengi. Siku hizi mtu anazeeka hajamwona. "Desemba ni nguva, andikeni," ulisema. Mwaka ukaisha, Desemba ikawa kaa. Mwaka uliofuata Desemba ikawa ua la mkorosho. Mzee Hasanali akawa anakuuliza mbele za wateja, "Bakari bwana, nguva wako anafuga ndevu? Mbona hatoki?"

Ulipokufa, Mzee akasema kalenda ya mwaka unaofuata iwe yako yote, kumbukumbu. Miezi kumi na mmoja ilijaa yenyewe kutoka kwenye diski, tena tuliacha nyingi nzuri nje. Tukafika Desemba, tukakwama.

Aliyetukwamua ni Shenaz, mjukuu wake Mzee, yule anayeshika hesabu za duka. Binti mwenye moyo mzuri, hilo naliandika mapema usije ukamfikiria vibaya. Alichukua ile picha yako ya maji. Unaijua ipi. Ile ya kule kwenye mikoko, maji ya kijani, duara la mawimbi madogo katikati na hakuna kitu kingine. Akaiambia mashine ituwekee nguva hapo katikati. Mara ya kwanza ikaleta msichana mwenye nywele mpaka kiunoni na mkia wa samaki, na Mzee Hasanali akaamuru simu ifunikwe haraka kuna watu wa heshima dukani. Shenaz akaieleza vizuri. Mara ya pili akatoka nguva.

Mtani, alikuwa nguva hasa. Pua mbili zimefunguka juu ya maji, mdomo mnene, matone yanamtiririka, mgongo unang'aa kama chungu kilichooshwa. Nyuma yake mikoko ni ileile yako, mwanga ni uleule wako. Mzee Hasanali alivua miwani yake akapangusa macho. Na mimi, nisijifanye mjanja, moyo uliniruka. Nilitamani awe wa kweli mpaka nikaanza kumtafutia sababu za kuwa wa kweli.

"Anko Issa," Shenaz akasema, "si tunamtimizia ndoto yake? Maji ni yake, mahali ni pake. Sisi tumeongeza tu kilichokosekana." Chini tayari alikuwa ameandika: "Nguva. Picha: Bakari wa Tingi."

Nikasema tumsubiri mwenye mali.

Bi Somoe alikuwa ameshatoka eda. Alikuja dukani na buibui lake jipya, akakaa kwenye kile kiti cha wateja wa saruji, akashika karatasi ya mfano. Akaitazama Januari mpaka Novemba, anapitisha kidole kwenye jina lako kila ukurasa. Alipofika Desemba kidole kikasimama. "Ndiye huyu?" akauliza. Shenaz akamweleza kila kitu, hakuficha hata kidogo.

Mkeo akasema kitu ambacho sikukitegemea. Akasema, "Mimi nimeolewa na mtu anayetoka alfajiri na kurudi na tope. Majirani waliniuliza miaka yote, mumeo anatafuta nini huko, mbona harudi na samaki? Nikawajibu, anatafuta nguva. Wakacheka. Ningependa waone hakuwa anatembea bure." Halafu akanigeukia. "Lakini sijui kama hivi ni haki. Sisi wengine wote tutamsifu tu, maana ni maiti wetu. Wewe ndiye mtani wake. Mwenye ruhusa ya kumsema alivyokuwa ni wewe. Sema, shemeji: aingie au asiingie?"

Mzee Hasanali akasema jibu litoke haraka, mchapaji wa Dar anaisubiri kazi wiki ijayo.

Umeona ulivyoniweka, Mmatumbi wewe? Umekwenda zako umelala, umeniachia nguva. Nikisema aingie, basi kwenye kila sebule ya wilaya hii, na kwa watoto watakaozaliwa, wewe utakuwa mtu aliyempiga picha nguva. Nikisema asiingie, namnyang'anya mjane kitu pekee alichoomba. Nikawaambia nipeni mpaka Ijumaa.

Nikarudi studio nikaifungua ile picha ya maji, yenyewe, bila nguva.

Siku ile tulikuwa wawili kwenye boti ya kukodi, wewe mbele na kamera, mimi nyuma na kopo, maana boti ilikuwa inavuja na ulikataa turudi. Ulikuwa umekaa kimya tangu asubuhi, jambo ambalo kwako ni ugonjwa. Ukaona chumvi imekugandia kwenye miwani. Ukaivua, ukaishika kwa meno, ukatafuta pindo la shati ufute. Ndipo ikasikika pumzi. Pfuuu. Ukaiacha miwani ikaanguka, ukabonyeza kamera kama kipofu anayetafuta kitasa. Ukapiga kelele, "Umemuona? Umemuona?" Na mimi nilikuwa nimeinama nachota maji tusizame. Nikanyanyua kichwa, nikakwambia naona maji.

Tangu siku hiyo nikakuita Mpiga Maji. Mnakumbuka, wajukuu? Hamkumbuki, lakini mji mzima ulimwita hivyo. Na jambo linalonishangaza sasa ni kwamba wewe hukukasirika hata siku moja. Watu wakikuuliza nguva, ulitoa picha ya maji. "Alikuwa hapa," unaweka kidole, "nikamkosa kwa ajili ya miwani." Kisha unaivua miwani kuonyesha, unaishika kwa meno, unapuliza pfuuu, watoto wanaruka nyuma. Kila mwaka uliisimulia vizuri zaidi. Pumzi yenyewe ilikuwa inakua. Mwishoni ilikuwa ya nyangumi. Lakini picha haikukua. Hukuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba umempata.

Nikajiuliza: nguva akiingia kwenye maji haya, hadithi ya miwani inakwenda wapi? Mtu aliyempata hana cha kusimulia. Anaonyesha picha, watu wanasema mashaallah, wanafungua ukurasa mwingine.

Hayo niliyawaza peke yangu. Mawazo ya studio ni ya studio. Mjane alikuwa anasubiri jibu la mtu.

Basi katikati ya wiki akaja mzee mmoja kutoka Likawage. Alikuwa na vumbi la safari nzima, na picha ya marehemu mama yake ndani ya kipande cha khanga. Picha ilikuwa imeliwa na mchwa upande mmoja, kuanzia bega mpaka kwenye paji. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikamwambia kazi hii zamani ilikuwa ya wiki, sasa ataondoka nayo leo. Nilijisikia fundi mkubwa. Nikaipa mashine. Ikaziba mchwa, ikaleta bega, ikaleta ushungi, ikasafisha uso. Nikamchapia kubwa.

Akaishika mbali, akaishika karibu. Akasema kwa upole sana, "Mama mzuri. Wa nani huyu, mwanangu?"

Nikamwambia ni wako. Akatikisa kichwa. Kumbe mama alikuwa na chongo. Jicho la kushoto lilitobolewa na bua la mtama, yeye na ndugu zake wangali wadogo, na mchwa walikuwa wamekula hapohapo, kwa hiyo mimi sikujua na mashine haikujua. Nikamwambia basi si vibaya, baba, tumemrudishia jicho lake. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Lile jicho aliliacha shambani akitulimia," akasema. "Ukimrudishia, itakuwa kama hakulima."

Nikakaa chini kulitoa. Mtani, hapo ndipo utacheka. Mashine haikutaka! Naiambia jicho la kushoto halioni, inaomba radhi kwa adabu zote, inaniletea macho mawili makubwa zaidi. Naiambia tena, inamvalisha miwani. Naiambia chongo, inamfunga kitambaa kama haramia. Ina huruma ya ajabu ile, haiwezi kumwona mtu na kasoro yake ikamwacha apite. Mwishowe niliizima, nikashika kipanya mwenyewe, nikalifunga jicho lile kidogo kidogo kwa mkono, yule mzee amesimama nyuma yangu ananielekeza: "Chini kidogo. Hapo. Na kope lilikuwa linalala, hivi." Nikamchapia tena, akamshika mama yake kwa mikono miwili. Alimwamkia. "Shikamoo mama," basi. Akamfunga kwenye khanga akaenda kutafuta usafiri.

Ijumaa baada ya swala nikaenda dukani. Walikuwepo wote watatu, na wateja wawili watatu wa misumari ambao ghafla hawakuwa na haraka.

Nikasema, "Bakari alikuwa Mmatumbi, mbishi, mvivu wa kuchota maji kwenye boti, mwenye masikio kama ya popo. Haya yote nayasema kwa sababu ni kweli, na hakuna ndugu yake atakayenishika shati. Lakini nguva hakumpiga. Alimkosa. Nikimwekea nguva ambaye si wake, kesho nitamtania kwa lipi? Mtu wa kutengenezwa hataniwi. Nasema asiingie. Desemba yawe maji, kama alivyoyapiga."

Mzee Hasanali alishika kichwa. "Issa bwana! Desemba ndiyo mwezi watu wanahesabu siku. Niwape maji? Maji si wanayo baharini bure?" Mteja mmoja wa misumari akasema na yeye kwake mabomba hayatoi, angalau atayaona kwenye kalenda.

Mimi nilikuwa namtazama Bi Somoe. Alikuwa ameinamia ile picha ya maji, ndogo, niliyoileta. Nikamwambia, "Shemeji, hatutaacha tupu. Chini tutaandika kama kawaida, jina la mnyama. Tutaandika: Nguva. Alionwa na Bakari peke yake."

Akaivuta karibu. Akaweka kidole kwenye lile duara la maji, hasa mahali ulipokuwa ukiweka wewe. Kisha, mtani, mkeo, mbele ya Mzee Hasanali na mbele ya wateja, akapuliza. Pfuuu. Ya kwako kabisa, ya mwisho mwisho, ile ya nyangumi. Akaanza kucheka, akajifunika uso kwa ushungi, mabega yanatikisika, na kwa muda hatukujua kama bado anacheka. Alipojifunua macho yalikuwa na maji lakini mdomo ulikuwa wa mtu aliyepata anachokitafuta. Akasema, "Ongeza. Andika: tena bila miwani."

Ndivyo ilivyochapwa. "Nguva. Alionwa na Bakari peke yake, tena bila miwani. Picha: Bakari wa Tingi."

Unataka kujua Shenaz alilichukuliaje? Alinuna kidogo, ni haki yake, kazi alifanya. Nikamwambia nguva wako ni mzuri, kosa lake ni kwamba amebeba jina la mtu mwingine. Akafikiri. Sasa nguva wake amebandikwa mkubwa kwenye mlango wa kioo wa duka, na chini pameandikwa, "Shenaz na mashine yake." Watoto wanaotoka shule wanampapasa pua wakipita. Mzee Hasanali analalamika kioo kinachafuka, lakini nimemwona mwenyewe akimpapasa.

Na Desemba yako? Tuko Machi, Bakari, na kwa kinyozi wa sokoni kalenda imefunuliwa Desemba tangu ilipotundikwa. Hakuna anayejua tarehe mle ndani. Mvuvi mmoja anasema akiitazama kwa pembeni anaiona pua. Fundi baiskeli anasema ile ni kumbi la nazi. Kuna aliyekuja na kioo cha kukuzia. Walimtoa mtu kwenye kiti nusu amenyolewa ili mwanga wa dirisha uifikie picha vizuri. Juzi kule Tingi, jirani mmoja wa wale waliokuwa wanamcheka Bi Somoe alimwendea na kalenda mkononi, akamwomba amwonyeshe alikuwa wapi hasa. Mkeo akamwambia vua kwanza miwani. Hana miwani yule. Akamwambia basi katafute, ndipo urudi.

Kwa hiyo hukutembea bure. Lakini usivimbe kichwa, masikio yatachana sanda.

Mashine nitaendelea nayo. Inanipangia, inanisafishia, inanichekesha. Vijana wanaoijua wanatengeneza vitu ambavyo mimi na wewe tusingeviota, na wengine wao wana jicho hasa. Ninachowaambia ni kimoja: andikeni jina la aliyefanya, kama ni wewe, kama ni mashine, kama ni wote wawili. Wanasema, "Sawa, Anko." Nusu yao wanaandika.

Na mimi, binadamu wa harusi, mtu wa paspoti, nimeanza kuyumba. Kamera yako nimeifuta chumvi. Mwezi uliopita nilishuka kwenye mikoko na boti isiyovuja, nikakaa kimya mpaka shingo ikaniuma. Nilipata picha ya mguu wangu. Shenaz ameomba kuja safari ijayo, anasema anataka kuona mahali ambapo mashine yake ilikuwa inabahatisha. Nimemwambia aje na kopo la kuchotea, tahadhari si woga.

Mwenyezi Mungu akupanulie mahali ulipo, akuangazie, na akusamehe ubishi wako, maana sisi tumekwisha kukusamehe isipokuwa ule wa siku ya boti. Bi Somoe ni mzima, anakutaja kila siku. Kaburi lako nimelipalilia. Mmatumbi, buriani mpaka Mungu atakapotukutanisha.

Na ahadi yangu ni hii. Masika yakipita nitarudi kule kwenye mikoko, na nitaendelea kurudi. Nikimkosa, nitasema nimemkosa. Nikimpata, chini ya picha nitaandika jina langu. Lako, mtani, siliazimi.

Issa Mmwera,
Kilwa Masoko